Yule Ninayempisha Njia

Karani haongezi jina. Kila mtoto wa Nyanda za Juu aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe, na wazee waliitamka kama watu wanavyotamka amri ya kutoiba: kwa sauti ya chini, bila kueleza sababu. Waraka huingia katika Masjala Kuu kwa majina ambayo mwenye waraka ameyatoa kwa kinywa chake au kwa mkono wake, basi. Na karani atakayeongeza jina lisilotolewa, jina lake yeye litaondolewa katika faharasa.

Bi. Atuganile Kasyupa, mtunza faharasa mkuu wa masjala iliyojengwa juu ya kilima cha Tukuyu, alikuwa ameishika sheria hiyo tangu siku alipokabidhiwa ufunguo. Aliishika kwa moyo, si kwa hofu. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifia gerezani katika miaka ile kabla ya sheria, wakati makarani walipopachika majina katika nyaraka kama fundi anavyopachika vifungo kwenye shati la mteja. Jina la baba yake lilikutwa katika barua asiyoiandika wala kuisoma, na hakimu hakuuliza lilifikaje humo. Kwa hiyo vijana waliokuja kujifunza kazi waliponung'unika kwamba sheria ni ngumu mno, Bi. Atuganile aliwatazama kwa utulivu na kuwaambia kwamba ngumu ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya madirisha. Masjala ilikuwa ikihamisha nyaraka za sauti za zamani kwenda ghala jipya, na kila waraka ulipaswa kusikilizwa na sikio la binadamu kabla ya kuhamishwa. Ghala lenyewe halikuwa na rafu wala majalada. Kila waraka ulisagwa kuwa chembe, na chembe zikatawanywa katika mawe ya kioo yaliyozikwa chini ya kilima, za huyu zikilala pamoja na za yule kama unga wa magunia mengi uliomwagwa kwenye sakafu moja. Kilichoweza kuzikusanya tena ni faharasa peke yake. Ulipotamka jina, chembe zilizofundishwa kuliitikia ziliinuka kutoka pande zote na kuwa tena barua, picha, au sauti. Jina likiondolewa, chembe zilibaki palepale, nzima na safi, ila hakuna awezaye kuziita.

Waraka uliokuja masikioni mwake ulikuwa wa miaka ya mafuriko ya Isumba. Katika siku zile mtambo uitwao Msikilizi ulipelekwa kila kambi ya waliookoka. Ulisikiliza, ukaandika, na wenyewe ukachagua, katika maneno yaliyosemwa, majina ya kuwekea nyaraka. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, tena iliyochoka.

"Mvua ilikesha. Asubuhi mto ukaingia ndani, maji yakafika dirishani. Mwenye nyumba yangu, baba wa mtoto, alikuwa ng'ambo, shambani. Nilikuwa na Lusajo, kitovu hakijaanguka. Akaja yule ninayempisha njia. Akasimama mlangoni, akageuza uso, akasema, 'Mwanangu, unisamehe.' Akanibeba. Mtoto akamfunga kifuani kwa koti lake. Tukakaa juu ya mparachichi. Tukiwa huko juu tukasikia king'ora cha bwawa, kile kinacholia lango likifunguliwa. Akasema, 'Nani yuko bwawani?' Ndipo maji ya pili yakaja, yakachukua Isumba ya chini, yakamchukua na mwenye nyumba yangu. Yule ninayempisha njia hakunitazama hata mara moja mpaka tuliposhuka."

Bi. Atuganile aliondoa vipokea sauti masikioni. Kisha akavivaa tena na kuusikiliza waraka upya, ingawa hakuhitaji.

Katika nchi ile ya Rungwe mwanamke aliyeolewa hakukutana uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja, hutoka njiani na kujificha migombani mpaka apite. Hali chakula naye, hakai naye chumba kimoja, na jina lake hulitoa katika ulimi wake siku anapoingia katika ukoo, asilitamke tena hadi kufa. Bi. Atuganile alizaliwa huko. Hakuna mwanamke wa mlima ule ambaye angesikia maneno "yule ninayempisha njia" na kuuliza ni nani.

Msikilizi, ambao haukuzaliwa popote, uliuweka waraka chini ya majina haya: mvua, Isumba, mparachichi, king'ora, Lusajo.

Na Bi. Atuganile alijua jambo jingine, kwa sababu maombi yote yaliyokwenda mbele ya Baraza, wazee walioamua mashauri ya nchi, yalipitia mezani kwake. Juma hilohilo Baraza lilikuwa litazame ombi la pili la kijana aitwaye Lusajo Mwalusito, aliyetaka babu yake, Mzee Anyambilile Mwalusito, arudishwe kutoka bonde la Rukwa alikohamishiwa kwa kosa la kufungua lango la bwawa na kuangamiza watu wa Isumba ya chini. Mzee alikuwa mgonjwa. Kijana aliomba tu aje afie kwao. Ombi la kwanza lilikataliwa, na sheria haikuruhusu la tatu. Baraza lilitafuta kwa jina la mtu, na jina la Anyambilile Mwalusito liliita nyaraka tatu: ushahidi wa wanaume watatu waliomwona asubuhi ile akiwa na ufunguo wa lango kiunoni. Yeye mwenyewe alisema hakuwa bwawani. Alipoulizwa alikuwa wapi, alinyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa jibu.

*

Msimamizi wa masjala, Gwamaka Mwaijande, alikuwa zamani mwanafunzi wake, na mpaka sasa hakuweza kukaa wakati yeye amesimama. Alisikiliza waraka akiwa ameinamisha kichwa. Aliposema kwamba haukuwa na shaka yoyote, Bi. Atuganile alimkumbusha kwamba hata waraka uliomwua baba yake ulisemwa kuwa hauna shaka. Gwamaka akakubali. Akasema basi iko njia ya halali: huyo mama, kama yu hai, atoe ushahidi upya na kulitaja jina kwa kinywa chake.

"Hata kwa kunong'ona, Mama. Msikilizi utasikia."

"Na mhoji akilitaja, yeye akaitikia kwa kichwa?"

Gwamaka alitabasamu bila furaha. "Wewe ndiye uliyenifundisha jibu la hilo."

Kuitikia hakukubaliwa. Katika miaka ya baba yake, wahoji waliwatajia watu majina na watu waliochoka wakaitikia. Jina lilipaswa kutoka kwa shahidi mwenyewe, bila kuongozwa.

Bi. Atuganile alikwenda Isumba siku hiyohiyo, Msikilizi mdogo ukiwa ndani ya mkoba wake kama saa ya mfukoni. Bi. Tumpe, mwenye sauti ile, alikuwa uani akimenya ndizi. Sasa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye macho mepesi ya kucheka. Alivitazama viatu vya mgeni, vilivyokuwa vimezama topeni mpaka kwenye visigino.

"Viatu hivyo vilishonwa kwa ajili ya sakafu," alisema. "Vivue, upumzike navyo vipumzike. Unaitwa mama nani?"

Bi. Atuganile alichelewa kujibu. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa hivyo. Masjalani aliitwa kwa cheo. "Mama Ipyana," alisema.

"Karibu, Mama Ipyana. Mimi Mama Lusajo. Hajambo Ipyana?"

"Alikwisha kutangulia. Akiwa mdogo."

Bi. Tumpe aliliweka beseni katikati yao. Alimsogezea kigoda na kisu, naye mgeni akaketi na kuanza kumenya. Walimenya hivyo kwa muda, maganda yakianguka katika beseni moja, kabla ya Bi. Atuganile kueleza kilichomleta. Alieleza pole pole, tangu mwanzo: kambi, sauti, majina matano ambayo mtambo uliyachagua. Alieleza kwamba Baraza halikuwahi kuusikia ushahidi ule.

Mkono wa Bi. Tumpe ulisimama juu ya ndizi.

"Halikuusikia?"

"Haukuwahi kufika mbele yao."

"Nilidhani walinisikia wakanikataa," alisema Bi. Tumpe. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Miaka yote hii. Nikikutana na wazee wa Baraza kanisani najiambia, hawa wamesikia jinsi nilivyobebwa, na wameona mimi ni mwongo. Nimewasalimu hivyohivyo."

Ndipo Bi. Atuganile alipoutoa Msikilizi na kuuweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Akasema kwamba neno moja lingetosha. Hakuna mtu angesikia isipokuwa wao wawili na mtambo.

Bi. Tumpe alikitazama kile kitu bila hasira. Alieleza kwamba hata barazani, siku aliyohukumiwa, mzee alikuwa amenyamaza kwa ajili yake. Angesema tu, nilikuwa mtini na mke wa mwanangu, angekwenda nyumbani kwake. Hakutaka watu wasimulie jinsi mkwewe alivyobebwa. Alikwenda Rukwa ili mkwewe abaki na heshima yake hapa Isumba.

"Na wewe ungeweza kumrudisha," alisema Bi. Atuganile. Alisikia ukali katika sauti yake mwenyewe na hakuupunguza. "Mzee anakufa, Mama Lusajo."

"Najua anakufa. Mwanangu ndiye anayempelekea dawa." Alikiweka kisu chini. "Alipofika mlangoni alivunja heshima moja ili tupone, akaniomba msamaha kwa hiyo moja. Nikamwambia moyoni, baba, nyingine zote nitazitunza mimi. Hana kitu kingine kutoka kwangu. Sijawahi kumpikia chakula akala mbele yangu, sijawahi kumpa mkono. Nina hilo tu la kumpa, kutomtaja. Ukinitaka nimtaje ili umwokoe, utakuwa umemrudisha kwa mkwe ambaye hayupo tena. Atauliza, walikupataje? Nitamjibu nini, nami hata kumjibu siruhusiwi?"

Hapo akacheka kidogo na kufuta macho kwa kiganja cha mkono uliokuwa na utomvu, utomvu ukamwasha, akacheka tena.

Bi. Atuganile aliurudisha Msikilizi mkobani. Alikuwa amekuja akiamini kwamba atakutana na ukaidi. Kile alichokikuta alikifahamu vizuri, kwa kuwa kilikuwa kama chake: mtu aliyepewa jambo moja la kutunza, akalitunza.

*

Siku iliyofuata alifunga mlango wa chumba chake na kutamka jina lake mwenyewe, kama alivyofanya kila Jumapili baada ya ibada. Nyaraka zake zilikuja. Vyeti vya shule, cheti cha ndoa, picha za marehemu mumewe akiwa na baiskeli. Na sauti ya Ipyana. Nyaraka za watoto huwekwa chini ya jina la mama mpaka wafike umri wa kuwa na lao, na Ipyana hakufika. Alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya watoto, akiwa nyuma ya wenzake kwa nusu pumzi, na katikati ya ubeti wa mwisho alikohoa.

Bi. Atuganile alisikiliza mpaka kikohozi, kisha akaendelea kukaa.

Hakujidanganya. Karani mwema akiongeza jina la kweli, amemfungulia mlango karani mwovu anayekuja nyuma yake na la uongo. Mlango haujui mwema na mwovu. Alilifahamu hilo kuliko mtu yeyote masjalani, na alipomfikiria baba yake hakupata kibali kutoka kwake. Wala hakuamini kwamba adhabu, ikilipwa, huligeuza kosa kuwa haki. Lakini aliona pia kwamba sheria ilitungwa ili mtu asihukumiwe kwa jina lisilosemwa na mwenye ushahidi, na sasa mtu alikuwa akihukumiwa kwa sababu ya jina lisiloweza kusemwa. Mwanamke yule alikuwa amesema kila kitu. Alikuwa amemtaja kwa namna pekee ambayo heshima ilimwachia. Masjala ndiyo iliyokuwa kiziwi, na mkuu wa kiziwi huyo alikuwa yeye.

Alimwita Gwamaka. Alimweleza atakachofanya, na akamweleza kwamba atakifanya wazi, kwa saini yake, kabla ya Baraza kuketi.

Gwamaka alipendekeza wabuni kifungu kipya, waandikie makao makuu, waombe muda. Bi. Atuganile akamwuliza kama mzee wa Rukwa naye angeweza kuomba muda.

"Basi niachie mimi nilitie," alisema Gwamaka. "Mimi sina nyaraka za maana, Mama. Vyeti tu."

"Sikukuita kuomba ruhusa wala msaada. Nimekuita ili usije ukasikia kwa wengine." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Kaa chini, mwanangu. Unanichosha kwa kusimama."

Mbele ya macho ya Gwamaka aliufungua waraka wa sauti wa Isumba na kuongeza jina: Anyambilile Mwalusito. Chini yake akaandika, kama utaratibu ulivyotaka kwa kila badiliko: Jina hili limeongezwa na A. Kasyupa. Shahidi hakulitamka.

*

Baraza lilipotafuta, nyaraka nne zilikuja. Mwenyekiti aliusoma ule mstari wa chini kwa sauti, na minong'ono ikaenea ukumbini. Mjumbe mmoja alitaka waraka ufungwe papo hapo. Mwenyekiti akasema kwamba kosa la karani litakwenda kwenye adhabu yake, lakini maneno yaliyomo si ya karani. Waraka umeitwa, umekuja, na Baraza haliwezi kujifanya halijauona. Wakausikiliza.

Ulipokwisha, mjumbe mwanamke, bibi aliyekuwa amekaa pembeni siku nzima, aliomba Bi. Tumpe aletwe. Alimwuliza kama maneno yale ni yake. Akajibu kwamba ni yake.

"Na huyo uliyekuwa ukimpisha njia, unampisha hata leo?"

"Angekuwapo ningempisha."

"Sina swali lingine," alisema bibi yule, na kuwageukia wenzake. "Wanangu, mkitaka niwafasirie, nitawafasiria, lakini mama zenu watanicheka."

Hawakutaka. Swali la nani aliyefungua lango lilirudi kuwa swali, na Mzee Anyambilile aliruhusiwa kurudi kwao.

Aliletwa siku chache baadaye, Lusajo akimshika mkono. Bi. Atuganile alikuwa Isumba siku hiyo, kwa kuwa Mama Lusajo alimwita, na alikuwa amekuja na viatu vya kufaa. Kabla ya kona ya njia, mzee alisimama akakohoa kwa nguvu. Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha kumjulisha mtu aliye mbele. Bi. Tumpe, aliyekuwa amesimama njiani tangu asubuhi, aliruka mtaro kama msichana, akaingia migombani, akageuza mgongo na kujifunika kanga kichwani. Mzee alipofika mahali pale hakutazama migombani. Aliutazama mto.

"Ndaga," alisema, akiushukuru mto, kwa sauti iliyotosha kufika kwenye majani. Kisha akaendelea na safari yake, pole pole, mpaka nyumbani.

*

Adhabu ilitekelezwa siku ya Jumatatu. Utaratibu ulimpa mhukumiwa haki ya kutafuta mara moja ya mwisho, na Gwamaka alitoka chumbani wakati wa kusikiliza. Aliporudi alimkuta Bi. Atuganile ameketi wima, mikono juu ya magoti, na ufunguo wa masjala ukiwa mezani mbele yake.

"Endelea," alisema.

Gwamaka aliendelea. Haikuchukua muda, kazi ya kuliondoa jina ni ndogo kuliko ya kuliweka. Sheria ilitaka mhukumiwa mwenyewe ahakikishe, basi Bi. Atuganile akainamia mtambo na kulitamka jina lake, Atuganile Kasyupa, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kila Jumapili. Mtambo ulijibu: Hakuna waraka.

"Imetimia," alisema, na kusimama.

Gwamaka alikuwa bado ameinamia meza. Alisema kwamba lipo jambo moja ambalo hakulielewa. Jina lake lilikuwa bado limeandikwa chini ya ushahidi wa Isumba, katika ule mstari wa badiliko. Aliuliza kama nalo alipaswa kulifuta.

Bi. Atuganile aliwaza kidogo, kama alivyokuwa akiwaza mbele ya wanafunzi wake. "Sheria inasema faharasa," alijibu. "Kilichomo ndani ya waraka hakiguswi na mtu."

"Kwa hiyo anayekutafuta wewe hatakupata. Ila anayemtafuta mzee, atakukuta."

"Atakuta kosa langu na aliyelitenda," alisema Bi. Atuganile. "Ni haki."

Akachukua mkoba wake, akamwachia ufunguo, akatoka. Ukungu ulikuwa umepanda. Kwenye ngazi za masjala Mama Lusajo alikuwa akimngoja na kikapu cha ndizi mbivu, na alipomwona akamwita kwa nguvu kutoka kule chini, mbele ya makarani wote waliokuwa madirishani: "Mama Ipyana, fanya haraka, watu wanatungoja."

Naye akashuka.